Wazee wa Nshamba Wawezeshwa Kuishi Katika Makazi Yao

Nshamba ni mji mdogo katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mwaka 1983. Ugonjwa huo uliwaacha wazee wengi, hususan akina bibi, wakilea wajukuu yatima bila watoto wa kuwategemea.

Mwaka 2003, shirika la Kwa Wazee lilianza kuwapatia wazee maskini wa eneo hilo pensheni ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya watoto wanaowalea. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionesha kuwa fedha hizo, ingawa kidogo, ziliboresha lishe na kuwawezesha wazee kununua chumvi, sabuni na mahitaji ya shule.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo yake. Makazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali, yakiwemo ya Kiilima yaliyopo Bukoba, ni kimbilio la mwisho kwa wasio na ndugu wa kuwatunza.

Kwa Wahaya, kibanja ni makazi, shamba la migomba na mahali walipozikwa jamaa. Kumhamisha mzee ni kumtenga na hayo yote pamoja na majirani zake. Hivyo, kipato kidogo lakini cha uhakika humwezesha kubaki kwake akiwa na heshima.