Lori na Kinga katika Njia ya Kasongo

Njia iunganishayo Kabambare na Kasongo huku Kongo, ambayo leo dereva wa lori na msukuma kinga, yaani baisikeli, huigombea kila siku, ilikuwapo kabla yao wote wawili. Misafara iliyotoka Ujiji ilipita huku ikielekea Nyangwe, wapagazi wakifuatana mmoja nyuma ya mwenziwe. Na katika zama za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mwenye lakabu ya Tippu Tip, Kasongo ikawa makao ya dola yake, na pembe za ndovu pamoja na mateka wakapitishwa hapo hapo. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipouteka mji mwaka 1893, bendera ilibadilika, ila mchukuzi wa mzigo akabaki yule yule.

Baisikeli nayo iliingia katika tarehe ya Kongo kwa mlango wa dhiki. Tangu mvumbuzi Dunlop alipolisajili tairi lake la upepo la baisikeli mwaka 1888, tamaa ya mpira ilizidi huko Ulaya, na watu wa Kongo wakalazimishwa kuugema mwituni ilhali wengi wao hawajapata kuliona gurudumu lenyewe.

Barabara za magari zilichongwa baadaye, chini ya serikali ya Wabelgiji, kwa majembe na mikono ya wanavijiji. Na baada ya uhuru wa 1960, katika siku za Salongo, yaani kazi za umma za lazima, za enzi ya Mobutu, ni hao hao walioitwa kufyeka majani na kuzibua mifereji. Dereva wa leo hudai kwamba barabara ni yake maadamu yeye ndiye alipaye ushuru, ambao tangu 2008 una mfuko wake wa taifa wa kutunza barabara. Hoja hiyo si batili, lakini haiwezi kufuta jasho la wazee wetu ambao hawakulipwa.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Madaraja yakaanguka, msitu ukarudi barabarani, magari yakatoweka, na kinga ikawa ndiyo iletayo chumvi na sabuni na kupeleka mpunga na mawese sokoni. Mtazame mwenye kinga akipanda kilima: hakuipanda, bali anaisukuma, mkono mmoja umeshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwingine unazuia bidoni, yaani madumu, za mawese zisilale upande, na mzigo wote wapita kilo 100. Lori likimpigia honi kwa nyuma, atapisha wapi? Kulia kuna mfereji, kushoto kuna mashimo yaliyochimbwa na magurudumu ya malori wakati wa masika. Akianguka, mawese yamemwagika na mtaji wa familia nzima umekwenda. Naye dereva, akisimama kilimani katika tope, huenda akalala hapo siku kadhaa, na kwa hiyo ghadhabu yake nayo ina sababu.

Sheria ya barabara ya 30 Agosti 1978 inawahukumu wote wawili, ila hakuna sheria iwezayo kumpa mtu nafasi ya kupisha mahali pasipo na nafasi. Kwa hiyo nawasihi Office des Routes, shirika la serikali la barabara, na wote watengenezao njia hizi: kila mchongapo barabara ya Kasongo au Kabambare, acheni ujia wa kinga ng'ambo ya mfereji, pande zote mbili. Nanyi madereva, mkiona bidoni mbele yenu, punguzeni mwendo.