Kumbukumbu pepe ya seva

Kumbukumbu pepe ni utaratibu wa mfumo endeshi wa kuipa kila programu anwani zake, na kuhamishia diskini kurasa (vipande vya kumbukumbu) zisizoguswa RAM inapojaa. Eneo hilo la diski katika Linux huitwa swapu. Windows hulipanga yenyewe.

Historia
Ilianza na kompyuta ya Atlas, Chuo Kikuu cha Manchester, 1962.

Ukubwa unaofaa
Kanuni ya swapu mara mbili ya RAM ni ya enzi za megabaiti chache, ingawa mafundi wengi bado wanaikariri. Red Hat, kampuni ya Linux, huibakiza kwa seva zenye RAM isiyozidi GB 2 tu. Kutoka hapo hadi GB 8 swapu hulingana na RAM, na kati ya GB 8 na 64 hutosha GB 4 au zaidi. Kigezo cha maana zaidi alikitoa mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning mwaka 1968: jumla ya kurasa ambazo programu huzihitaji katika kipindi kimoja cha kazi. Zikizidi RAM, seva hushinda ikihamisha kurasa huku na huku, na swapu kubwa haiokoi kitu. Pasipo swapu kabisa, RAM ikiisha Linux huua programu, mara nyingi ile iliyoshika RAM nyingi, nayo katika seva ya hospitali yaweza kuwa hifadhidata yenyewe.

Seva za hospitali
UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa nchini Uganda, umejengwa juu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, 2006. Huendeshwa kwa Java na MySQL. Java haipatani na swapu: ikisafisha kumbukumbu yake hupitia eneo kubwa, na kurasa zilizokwenda diskini hurudishwa kwa pamoja, skrini za wahudumu zikaganda. Kwenye seva ya GB 8, Java ikipewa GB 3 na MySQL GB 2, jumla haizidi RAM, hivyo swapu ya GB 4 ni akiba ya kutosha ingawa iko chini ya kipimo cha Red Hat. Thamani ya swappiness, yaani wepesi wa Linux kuhamishia kurasa kwenye swapu, ambayo kwa kawaida ni 60, hushushwa hadi 10. Safu za si na so (kinachorudi kutoka swapu na kinachokwenda huko) katika amri ya vmstat zikionyesha namba kubwa mfululizo, dawa ni kuongeza RAM.

Umeme nao huamua ukubwa wa swapu. West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa miaka mingi haikuwa na gridi ya taifa, ikitegemea bwawa la umeme la Nyagak la megawati 3.5. Penye umeme haba kama huo, seva iliyopangwa kuhifadhi RAM diskini na kuzimika betri inapokaribia kuisha huhitaji swapu isiyopungua RAM.

Kuluva
Hospitali ya Kanisa la Uganda huko West Nile, kusini mwa Arua. Kumbukumbu makini za daktari wake Ted Williams kuhusu uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani, zilichangia utafiti uliochapishwa katika British Medical Journal mwaka 1967. Rejista za namna hiyo zikiingizwa kwenye seva, hata za miaka mingi, huchukua nafasi ndogo ya diski. RAM huliwa zaidi na idadi ya wahudumu walioingia kwenye mfumo kwa wakati mmoja.