Madhara adimu ya upasuaji wa bega kwa matundu

Upasuaji wa bega kwa matundu hufanyika ndani ya kiungo cha bega kupitia vitundu viwili, vitatu au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana usiofika sentimita moja. Kamera nyembamba huingia kwa tundu moja, aghalabu la nyuma ya bega, na vifaa vya kukatia na kushonea hupita kwa mengine. Hutumika kushona kano zilizochanika, kukaza bega linalochomoka mara kwa mara, kulegeza bega lililoganda na kusafisha kiungo chenye usaha. Kwa jumla ni upasuaji salama. Makala hii inahusu madhara yake yasiyo ya kawaida, ambayo mengi hayajitokezi thieta bali mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani.

Historia

Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa kifaa cha kuangalia kibofu mwaka 1918. Michael Burman wa New York alieleza jinsi ya kuchungulia viungo vingine, bega likiwemo, mwaka 1931. Bega lilianza kutibiwa kwa wingi kwa njia hii miaka ya 1980.

Kiwango

Moja ya hesabu kubwa ilichapishwa na jarida la BMJ mwaka 2022, kutokana na kumbukumbu za wagonjwa 261,248 waliopasuliwa Uingereza kati ya 2009 na 2017. Ndani ya siku 90, mgonjwa 1 kati ya 81 alipata tatizo kubwa. Lililoongoza, kinyume na wengi wanavyotarajia, halikuwa la bega: ni nimonia, 1 kati ya 303. Damu iliyoganda na kuziba mshipa wa mapafu ilimpata 1 kati ya 1,428. Waliorudishwa thieta ndani ya mwaka kwa maambukizi ya ndani ya kiungo walikuwa 1 kati ya 1,111, lakini kwa walioshonwa kano uwiano huo ulipanda hadi 1 kati ya 526.

Maji, hewa na mkao

Ili kamera ione, kiungo hujazwa maji ya chumvi kwa pampu, lita baada ya lita. Upasuaji ukichukua muda mrefu, maji huvuja kwenye nyama za bega, kifua na shingo. Uvimbe huo kwa kawaida hunywea wenyewe ndani ya saa chache. Mara chache sana hubana koo la hewa, na mgonjwa akitolewa mpira wa kupumulia mapema hushindwa kuvuta pumzi. Ndiyo maana daktari wa usingizi mzoefu hupenyeza mkono chini ya shuka mara kwa mara kupapasa shingo. Hewa kuvuja chini ya ngozi au kujaa nje ya pafu pia kumeripotiwa, kwa wagonjwa wa kuhesabika.

Hatari inayoogopwa zaidi hutokana na mkao. Wapasuaji wengi humketisha mgonjwa kama aliyeegemea kiti, huku akiwa amelala usingizi wa dawa. Kichwa kikiwa juu ya moyo, shinikizo la damu kwenye ubongo huwa dogo kuliko linalosomwa mkononi, takriban milimita 1 ya zebaki kwa kila sentimita 1.3 ya kimo. Kipimo kikifungwa kwenye shavu la mguu, sentimita 80 chini ya sikio, tofauti hufika milimita 60: mashine huonyesha 120 ilhali ubongo unapata nusu tu. Mwaka 2005 madaktari wa Marekani, Pohl na Cullen, waliripoti wagonjwa wanne walioharibika ubongo au uti wa mgongo baada ya kupasuliwa bega wakiwa wameketishwa hivyo.

Ganzi

Sindano ya ganzi ya shingoni hupunguza maumivu vizuri sana, lakini ikitolewa kwa kipimo kikubwa hulegeza kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, cha upande huo kwa karibu kila mgonjwa hadi dawa iishe. Mwenye mapafu mazima hagundui. Aliyechakazwa mapafu na kifua kikuu au vumbi la machimboni anaweza kuzidiwa.

Ganzi iliyoacha doa kubwa katika historia ya upasuaji huu ni ya pampu. Kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya wapasuaji waliacha mpira mwembamba ndani ya kiungo, ukidondosha dawa ya bupivakaini kwa siku mbili au tatu. Vijana, wengi wao wanamichezo, walirudi miezi michache baadaye na bega linalouma, lililokakamaa na linalosaga. Gegedu ilikuwa imekwisha. Novemba 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kupitia taarifa 35, karibu zote za bega. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walihitaji upasuaji mwingine, wengine hadi kuwekewa kiungo bandia. Mtindo huo umeachwa. Gegedu iliyokufa haioti tena.

Maambukizi ya polepole

Bakteria anayehusika mara nyingi ni Cutibacterium acnes, yule yule wa chunusi. Huishi ndani ya vinyweleo vya bega na kwapa, mahali dawa za kusafishia ngozi hazifiki vizuri. Haleti homa kali wala usaha mwingi. Bega huuma tu, likikaza wiki hadi wiki. Sampuli yake inatakiwa kuoteshwa maabara kwa siku 10 hadi 14, na sahani ikitupwa siku ya tano, jibu huandikwa kwamba hakuna kitu.

Mishipa ya fahamu

Hujeruhiwa mara chache, zaidi kwa kuvutwa mkono kupita kiasi, na mingi hupona ndani ya miezi.

Mwanza na Kanda ya Ziwa

Nyakato, kata ya viwanda katika Manispaa ya Ilemela, Mwanza, Tanzania, kando ya Barabara ya Musoma, ina kila sababu ya kuumiza mabega: bodaboda, ubebaji wa magunia, na wavuvi wavutao nyavu za dagaa. Ngazi ya juu ya rufaa katika kanda ni Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka uliofuata na kurudishwa kwa Kanisa Katoliki mwaka 1985. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hupasua magoti na mabega kwa matundu, nayo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Umbali huo una uzito wake hapa. Nimonia, damu iliyoganda na maambukizi ya polepole humkuta mgonjwa Nyakato, si Muhimbili, na wa kwanza kumwona ni tabibu wa zahanati ambaye kwake maumivu ya bega lililoshonwa ni jambo la kutarajiwa. Kanda ya Ziwa ndiyo pia yenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini. Ugonjwa huo wenyewe huua kichwa cha mfupa wa bega, na kwa mgonjwa wake baridi, kukaukiwa maji au kiwambo kilicholegea huweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua.

Haja ya upasuaji

Hatari hizi zote huepukwa pale upasuaji wenyewe usipohitajika. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018, ukihusisha wagonjwa 313, ulionyesha kwamba kukwangua mfupa wa juu ya bega kwa ajili ya maumivu tu hakukuwa na faida ya maana kuliko kuchungulia kwa kamera bila kukwangua chochote. Matokeo hayo hayahusu bega linalochomoka wala kano iliyochanika kabisa.