Kichwa cha Swala Chini ya Taji: Kikosi cha 26 na Anga la Afrika Mashariki

Kati ya nembo za vikosi vya Jeshi la Anga la Uingereza, chache zinatuhusu kwa karibu kama ile ya Kikosi cha 26. Juu kuna taji la kifalme. Ndani ya duara kuna kichwa cha springbok, swala wa Afrika Kusini. Kwenye utepe wa chini yamo maneno ya Kiafrikana: N Wagter in die Lug, yaani Mlinzi Angani. Lugha ya Makaburu chini ya taji la Uingereza ni jambo zito, maana pande hizo mbili zilikuwa zimepigana vita vikali vilivyomalizika mwaka 1902 tu.

Kilichowaunganisha ni Wajerumani. Baada ya majeshi ya Afrika Kusini kuiteka Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, mnamo Julai 1915, marubani waliotumika huko walikwenda Uingereza. Tarehe 8 Oktoba 1915, katika uwanja wa Netheravon, wakaundwa kuwa Kikosi cha 26, chenye jina la Afrika Kusini ndani yake. Mmoja wao alikuwa Kenneth van der Spuy, miongoni mwa marubani wa mwanzo kabisa wa kijeshi wa nchi hiyo. Tarehe 31 Januari 1916 kikosi kilishuka Mombasa.

Wakati huo pwani yetu ilikwisha kuona kazi ya ndege. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar mnamo Septemba 1914, ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Rubani H. D. Cutler ndiye aliyeiona kutoka angani mwezi Novemba, na Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Uingereza. Tarehe 11 Julai ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa ikaanza kuanguka, lakini Arnold aliendelea kutuma ishara za redio mpaka ilipogota mtoni. Hao walikuwa watu wa jeshi la majini. Kikosi cha 26 kilipelekwa bara, ambako hakukuwa na meli ya kuitafuta mtoni bali askari waliosambaa katika nyika.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, kando ya reli ya kijeshi iliyokuwa ikisukumwa kuelekea Kilimanjaro. Ndege zake zilikuwa BE2c, za watu wawili, ambazo hata zikikazana hazikufika kilomita 120 kwa saa. Baadaye ziliongezwa Henri Farman zenye kiunzi cha chuma, kilichovumilia joto la tropiki kuliko mbao. Mtazamaji alikaa na penseli na karatasi, akichora mito, njia na vilima, kwa sababu ramani za kuaminika zilikuwa haba. Picha zilipigwa pia, na mabomu madogo yakaangushwa, lakini kazi iliyowapa makamanda faida kubwa ilikuwa kutazama na kueleza. Leo Walmsley, mmoja wa watazamaji hao, baadaye alipata jina Uingereza kama mwandishi wa riwaya.

Nyika yenyewe ilikuwa mpinzani wao mkuu. Tarehe 12 Februari 1916, katika kilima cha Salaita, mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni ilhali mahandaki yenye watu yalikuwa chini, yamefichwa na vichaka, na askari wa miguu wa Afrika Kusini wakarudishwa nyuma kwa hasara. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliujua msitu, na chini ya miti kombania nzima ingeweza kupita bila kuonekana kutoka juu. Mwezi mmoja baadaye Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, aliingia Moshi, na mwezi Agosti Morogoro. Kikosi kilifuata nyuma yake, kikihama kiwanja hadi kiwanja, malaria ikiwaangusha marubani na mafundi.

Hapo ndipo ninapoiona nembo kuwa na upungufu mkubwa. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo kila kilichokwenda mbali na reli kilitegemea zaidi na zaidi mabega ya watu. Wapagazi wa vita hivyo, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na kwingineko, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, malaria na kuhara damu. Ndege isingepaa bila watu wa aina hiyo chini yake. Springbok anawakumbuka marubani wa kusini. Nembo haina alama yoyote ya mpagazi.

Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji mnamo Novemba 1917. Kikosi kiliondoka mwanzoni mwa 1918 na kuvunjwa Uingereza mwezi Julai, hali adui yake bado yuko porini. Alisalimu amri Novemba. Kilifufuliwa mwaka 1927 kwa kazi ya kushirikiana na jeshi la nchi kavu, na vikosi vya Uingereza vilipopewa utaratibu rasmi wa nembo katika miaka ya 1930, chenyewe kilishika asili yake ya kusini. Katika Vita vya Pili kiliruka na Lysander, kisha Tomahawk na Mustang kwa upelelezi, na mwaka 1944 marubani wake waliielekezea mizinga ya meli pwani ya Normandy, kazi ileile ya Rufiji.

Kisha kikarudi kwetu. Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi na serikali ya Mwalimu Nyerere kuomba msaada wa Uingereza, helikopta za Belvedere za Kikosi cha 26 zilipakiwa Aden ndani ya manowari HMS Centaur pamoja na komando wa majini, waliotua kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 25. Afrika Kusini ilikwisha kutoka katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961, na Mwalimu alikuwa amesema wazi kuwa Tanganyika isingejiunga ikiwa nchi ya ubaguzi ingebaki humo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kikosi kilichokuja kuiokoa serikali hiyo kilikuwa bado na springbok na maneno ya Kiafrikana kwenye nembo yake. Kilivunjwa Novemba 1965.