Gusimbuka urukiramende: warukaji wa Nyanza waliopigwa picha mwaka 1907 bila kuandikwa majina

Gusimbuka urukiramende ni jina la Kinyarwanda la mchezo wa kuruka juu. Mchezo huu ulikuwa sehemu ya mafunzo ya intore, vijana waliolelewa katika kasri la mwami, na ulijulikana nje ya Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na picha moja iliyopigwa Nyanza, kusini mwa nchi.

Msafara wa Mecklenburg

Picha hiyo ilitokana na msafara wa uchunguzi wa Wajerumani wa mwaka 1907 na 1908 ulioongozwa na Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg. Msafara huo ulikuwa na wataalamu wa mimea, wanyama, miamba na jamii za watu, pamoja na wapagazi na askari ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Baada ya kukaribishwa Nyanza na Mwami Yuhi wa Tano Musinga, msafara ulifika ufukwe wa Ziwa Kivu, hapa Gisenyi, na kuichunguza milima ya volkano ya Virunga.

Katika kitabu chake cha safari kilichotolewa mwaka 1909, Mecklenburg anasimulia kwamba kamba ilifungwa kati ya miti miwili myembamba, na warukaji wakakimbia na kujirusha kutoka juu ya kichuguu kidogo chenye kimo cha futi moja hivi. Anadai kuwa walio hodari zaidi walifikia mita 2.50, na kwamba wavulana wadogo waliruka kati ya mita 1.50 na 1.60. Picha inamwonyesha mrukaji akiwa hewani, na chini yake wamesimama Mecklenburg mwenyewe na mmoja wa maofisa wake.

Je, ilikuwa rekodi ya dunia?

Wakati huo, alama bora iliyotambuliwa ilikuwa mita 1.97, iliyowekwa na Mmarekani Michael Sweeney mwaka 1895. Mmarekani mwingine, George Horine, alifika mita 2.00 mwaka 1912, mwaka uleule lilipoundwa Shirikisho la Kimataifa la Riadha. Hata leo, rekodi ya wanaume ni mita 2.45, ya Javier Sotomayor wa Cuba, iliyowekwa mwaka 1993.

Hata hivyo, alama hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Kanuni za riadha zinamtaka mrukaji aanzie kwenye ardhi tambarare, ilhali warukaji wa Nyanza waliinuliwa na kichuguu. Pia hapakuwa na waamuzi. Kipimo tulicho nacho ni cha mgeni mmoja aliyekuwa akiandika kitabu. Kwa upande mwingine, hata tukikiondoa kimo cha kichuguu kwa hesabu ya haraka, zinabaki takriban mita 2.20, urefu ambao rekodi rasmi haikuuvuka hadi mwaka 1960. Isitoshe, vijana hao walitua kwa miguu juu ya ardhi ngumu. Hawangeweza kuruka kwa kutanguliza mgongo, mtindo uliopata umaarufu mwaka 1968 baada ya magodoro ya kutulia kuanza kutumika.

Mafunzo, si damu

Waandishi wengi wa enzi ya ukoloni waliitumia picha hii kudai kwamba uwezo wa warukaji ulitokana na asili yao, na kwamba baadhi ya Wanyarwanda walikuwa watu wa kuja kutoka mbali. Nadharia hiyo ya kibaguzi haikubaki vitabuni. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake, na madai yaleyale ya ugeni yalirudiwa na waenezaji wa chuki hadi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994.

Lakini maelezo ya Mecklenburg mwenyewe yanaelekeza kwingine. Wavulana walioruka mita 1.50 hawakuwa wageni wa mchezo huo, walikuwa wanafunzi. Katika itorero, vijana walifundishwa ngoma, ushairi, upinde, mkuki, mbio na kuruka, na walitunzwa na kasri kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa maana hiyo walikaribia kuwa wanamichezo wa kulipwa.

Majina yaliyopotea

Tofauti kubwa kati yao na wanamichezo wa kulipwa wa nchi nyingine ni kumbukumbu. Mwaka huohuo wa 1907, nchini Marekani, mchezaji wa besiboli Honus Wagner wa klabu ya Pittsburgh alikuwa akiongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mpira. Kila pigo lake lilihesabiwa na kuchapishwa magazetini, na leo mtu yeyote anaweza kusoma maisha yake ya uchezaji msimu kwa msimu, kuanzia 1897 hadi 1917. Mrukaji wa Nyanza ana picha moja na kipimo kimoja, na aliyeipeleka picha hiyo duniani hakumtaja kwa jina. Mecklenburg mwenyewe baadaye aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Baada ya picha

Musinga aliondolewa madarakani na Wabelgiji mwaka 1931 na akafa uhamishoni nchini Kongo mwaka 1944. Mchezo uliotegemea kasri ulififia, huku shule zikieneza kandanda. Kilichosalia kwa nguvu ni ngoma ya intore, ambayo mwezi Desemba 2024 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mirukio ya wachezaji wake bado inaonekana katika sherehe za Rwanda, ingawa hakuna tena kamba ya kuvuka.