Mpala: Ngome Iliyogeuka Shule



Tumtajapo Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kupewa daraja ya upadri (maana Ufalme wa Kongo ulikuwa na mapadri wake zamani), twapenda kuanzia altareni, Baudouinville, ndiyo Kirungu, tarehe 21 Julai 1917. Leo tuanzie kwenye kuta. Kaoze aliingia seminari huko Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, na Mpala haikujengwa iwe shule.

Mwaka 1883 Émile Storms, afisa wa jeshi la Ubelgiji, alisimamisha hapo ngome yenye kuta nene za udongo. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba darasa huhitaji madirisha, ngome huyaogopa. Nyumba ya namna hiyo huupa ulimwengu mgongo, ikatazama ua wake wa ndani, na kila aingiaye huonekana. Kutoka humo, Desemba 1884, watu wa Storms walikwenda kumwua mtemi Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilichukuliwa hadi Ubelgiji. Lusinga naye aliuza watu utumwani, lakini hilo halilifanyi fuvu la mwanadamu kuwa kikombe cha ushindi. Katika masimulizi ya yubilei zetu habari hii hurukwa, nasi twaona si haki kuwaficha makatekista vijana.

Mwaka 1885 Mpala, pamoja na Karema ya ng'ambo ya ziwa, ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Hawakubomoa, walihamia ndani. Watu waliowakimbia wawinda watumwa wakatafuta hifadhi chini ya ulinzi wa misheni, na mwaka 1887 akafika Kapteni Léopold Joubert kuwatetea kwa silaha. Kwa hiyo ukuta uliojengwa kwa ajili ya utawala ukawa pia kimbilio. Mambo hayo mawili yalikaa chini ya paa moja, wala hatuwezi kuyatenganisha.

Katika misheni hiyo, mwishoni mwa karne ya 19, Askofu Victor Roelens alifungua seminari, na wana wa nchi wakaanza Kilatini. Baadaye seminari ilihamishiwa Lusaka, milimani.

Kaoze alikuwa Mtabwa, kama Lusinga. Mwaka 1910, kabla ya upadrisho wake, insha yake juu ya saikolojia ya Wabantu ilianza kuchapishwa, akieleza kwa kalamu yake mwenyewe jinsi watu wake wanavyofikiri. Fuvu la Lusinga lilikuwa bado Ubelgiji.