Nyumba ya vitu vya wankambo huko Yogyakarta

Katika kisanga cha Java, inchi ya Indonesia, kuna muji unaoitwa Yogyakarta. Ni muji wa kifalme. Mufalme wake anaitwa Sultani. Mbele ya nyumba yake kuna kiwanja kikubwa, na karibu na kiwanja hicho imesimama nyumba ya makumbusho, jina lake Sonobudoyo, maana yake pahali pa ustaarabu.

Sultani Hamengkubuwono VIII aliifungua mwaka wa 1935, wakati Waholandi walipokuwa wangali wanatawala. Iliundwa na Java-Instituut, chama kilichoanza mwaka wa 1919, ambamo Wajava na Wazungu walichunguza pamoja desturi za inchi. Aliyechora nyumba ni Muholandi, Thomas Karsten. Lakini hakujenga kama Ulaya: alifuata namna ya Wajava, pamoja na baraza yenye nguzo, isiyo na kuta.

Mutu akiingia anaona gamelan: ngoma, gongo, na vyombo kama madimba yetu, lakini vibao vyake ni vya shaba iliyochanganywa na bati. Anaona wayang, yaani sanamu za ngozi ya nyati. Muchezeshaji anazisimamisha mbele ya taa, na watu wanatazama vivuli vyake juu ya kitambaa. Wajava wengi ni Waislamu tangu miaka mamia, lakini hadithi kubwa za wayang zilitoka India, nao hawakuzitupa. Anaona tena batiki, kitambaa kinachochorwa kwa nta. Mama zetu wanaijua pasipo kufahamu: Waholandi waliiiga kwa mashini, wakaileta Afrika, ndiyo ile tunayoiita wax.

Lakini yako wapi maandiko ya zamani ya wafalme? Sonobudoyo inatunza vitabu vya mukono, lakini vingine vingi viliondoka. Tarehe 20 Juni 1812, hatua chache kutoka pahali pale, asikari wa Waingereza, kwa amri ya Raffles, walishambulia nyumba ya Sultani. Wakanyang'anya feza na vitabu. Hamengkubuwono II akaondolewa katika ufalme, akapelekwa Penang. Vitabu vikafika Uingereza. Mwaka wa 2019, nyuma ya miaka 207, Waingereza walimpa Sultani Hamengku Buwono X picha za vitabu 75. Vitabu vyenyewe vilibaki kule.

Picha ni kitu chema: mwenye kutaka kusoma anasoma. Lakini mutoto aliyepewa picha ya mali ya babake, je, amerudishiwa mali? Hapana. Anasoma maneno ya wankambo wake, lakini akitaka kuona karatasi waliyoiandika kwa mikono yao, lazima avuke bahari na kuomba ruhusa kwa wengine. Basi faida ya nyumba kama Sonobudoyo ni hii: mutoto wa inchi anafika kwa miguu, anaona kitu chenyewe, na hakuna mugeni wa kumuuliza amekuja kutafuta nini.